Tai, Kima na Kinda Aliyelala Njaa

Tulipiga makofi.

Tulikuwa ukingoni mwa msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, pale mashamba ya chai yanapokomea na miti mikubwa kuanza. Ukungu ulikuwa ndiyo kwanza unaachana na vilele. Kundi la kima lilikuwa juu ya mkuyu, linakula tini bila haraka, linadondosha makombo hadi kwenye kofia zetu. Ghafla dume akatoa sauti kavu, fupi fupi, mfululizo, kama mtu anayekohoa kwa hasira. Kufumba na kufumbua mkuyu ukawa mtupu. Hawakukimbilia juu. Walijiachia kwenda chini, kwenye miti midogo iliyosongamana, wakatulia kimya.

Halafu tai akapita.

Nimezoea kuwaona tai wakielea juu, mbali. Huyu alipita ndani ya matawi. Mbawa zake zilikuwa fupi na pana, mkia mrefu wenye mistari, kishungi kimesimama kichwani. Alilala ubavu akapenya katikati ya vigogo viwili ambapo nisingedhani hata njiwa angepita, akatokeza upande wa pili makucha matupu.

Ndipo tukapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza.

Mzee aliyekuwa anatuongoza hakupiga. Alisubiri tumalize, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Basi, wanangu, leo kinda wake analala njaa."

Wiki kadhaa zimepita na sentensi hiyo haijanitoka.

Upande tuliouchagua bila kuulizwa

Kinachonisumbua ni wepesi wa uamuzi wetu. Hakuna aliyetutaka tuchague, na hatukujua lolote kuhusu wanyama wale wawili mahususi. Tulichagua tu.

Tena ukifuata maneno yetu ya kila siku, ungetegemea tuwe upande wa tai. Mwite mtu tai, atatembea kifua mbele. Mwite kima, jiandae kwa ugomvi. Zambia wamemweka tai kwenye bendera, Namibia na Sudan Kusini kwenye nembo zao za taifa. Sijui nchi iliyomweka tumbili. Hata katika hadithi za pwani, yule kima aliyemdanganya papa kwamba moyo kauacha mtini anaokoka kwa akili zake, lakini hapewi heshima ya shujaa. Anapewa kicheko.

Na bado pale msituni sote, isipokuwa mzee, tulimshangilia kima.

Nadhani ni kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye ua wenye kuku. Mwewe akionekana, mtoto wa kwanza kumwona hupiga kelele, "Mwewe! Mwewe!", wenzake wanaidaka, mtu anagonga sufuria, na kuku mwenyewe keshawaita vifaranga chini ya mbawa. Dume yule wa kima alipokohoa, mwili wangu ulielewa kabla akili haijafika.

Mzee naye amefuga kuku, bila shaka. Lakini alipomwona tai akikosa, kitu cha kwanza kumjia akilini kilikuwa kiota.

Sauti ya dume

Nilianza kusoma kuhusu ile sauti, kwa kuwa ndiyo iliyonishtua zaidi.

Katika msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda, madume ya kima wana milio miwili mikuu ya hatari. Mmoja huutumia kwa mambo mengi, chui akiwemo. Mwingine, ule mkavu wa kukatakata, huutoa karibu kwa ajili ya tai peke yake. Watafiti walioandika juu yao mwaka 2008 walificha spika msituni wakacheza milio ya dume mwingine akitahadharisha kuhusu tai. Madume waliosikia walijibu kwa mlio uleule. Lakini walipiga kelele nyingi zaidi pale wenzao wa kundi walipokuwa karibu na spika, yaani karibu na mahali alipodhaniwa kuwa tai. Dume mwenyewe awe karibu au mbali, haikubadilisha kitu.

Nilisoma aya hiyo mara mbili, nikaweka simu chini.

Maana yake ni kwamba mlio ule si woga wa mwenye kulia tu. Unafuata hatari iliyompata mwenzake. Najua mtu anaweza kusema dume anawalinda watoto wake mwenyewe, kwa kuwa kundi la kima kwa kawaida huwa na dume mmoja mkubwa, na wengi wa wadogo wale ni damu yake. Inawezekana ni kweli kabisa. Hainipunguzii kitu. Baba anayepiga kelele kwa sababu mtoto ni wake bado ni baba anayepiga kelele.

Tumbili wa Amboseli, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, ndio waliochunguzwa kwanza kwa namna hii. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha kazi yao mwaka 1980. Tumbili wale wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Wakisikia wa chui, wanapanda mitini. Wakisikia wa tai, wanatazama juu au wanakimbilia vichakani. Wakisikia wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Wanafanya hivyo hata kama mlio umetoka kwenye spika na hakuna adui yeyote. Ukikosea kujibu, unakufa: anayepanda juu ya mti kumkimbia tai amejipeleka mwenyewe.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari za watoto wao.

Mtoto wa tumbili hazaliwi akijua tai ni nani. Anazaliwa na hisia kwamba kitu kilicho juu kinaweza kuwa kibaya. Kwa hiyo analia mlio wa tai kwa korongo, kwa njiwa, hata kwa jani linalodondoka. Wakubwa hutupa jicho juu, wakiona si kitu wanaendelea kula. Siku mtoto akilia na kweli ni tai, wakubwa nao wanalia. Kidogo kidogo orodha yake inapungua, korongo anatoka, jani linatoka, anabaki yule wa kuogopwa.

Na hawajifunzi kwa wenzao peke yao. Kule Amboseli tumbili huwasikiliza hata kwezi, wale ndege wa buluu inayong'aa wenye tumbo jekundu. Kwezi akitoa mlio wake wa kumwona ndege mwindaji, tumbili wanatazama juu.

Nilipofika hapo nilikuwa bado upande wa makofi. Kusema kweli nilikuwa nimezidi kuwa huko.

Mti mmoja, miaka mingi

Kisha nikaenda upande wa pili, kwa shingo upande kidogo, kwa ajili ya yule mzee.

Tai tuliyemwona ni tai wa msituni mwenye kishungi. Ana uzito wa kilo 3 hadi 4 na ushei, jike akiwa mkubwa kuliko dume. Ukucha wake wa nyuma una urefu unaopita sentimita 5. Anaweza kumuua mnyama mzito kumzidi yeye mwenyewe, na hawezi kuruka naye mbali. Mara nyingi humkata vipande na kurudi kuchukua. Hayo ndiyo yanayoandikwa sana, kwa sababu yanatisha.

Leslie Brown, aliyekuwa ofisa kilimo nchini Kenya enzi za ukoloni, alitumia miaka mingi kuwatazama tai wa Embu, na pia jozi moja ya tai wenye kishungi huko Karen, pembeni ya Nairobi. Kupitia watu wenye subira kama yake ndiyo tunajua maisha yao ya nyumbani.

Dume na jike hujenga kiota kwenye panda ya mti mkubwa sana, na kiota hicho hutumika mwaka baada ya mwaka, kikiongezewa vijiti, pengine kwa miongo. Jike hutaga yai moja au mawili, huatamia kama siku 50. Yakianguliwa yote mawili, kinda mkubwa humuua mdogo katika siku za mwanzo, na wazazi hawaingilii. Hiyo ni ngumu kusoma. Anabaki mmoja.

Huyo mmoja hukaa kiotani kama miezi mitatu na nusu hadi minne kabla ya kuruka. Akisharuka ungedhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza. Kwa tai hawa wa Afrika Mashariki, kinda aliyekwisha kuruka huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingine 9 hadi 11, akikaa karibu na mti uleule, akiita, akisubiri nyama. Kwa sababu hiyo wazazi hawatagi tena mwaka unaofuata. Jozi moja hupata mtoto mmoja kwa miaka miwili, kama mambo yakienda vizuri.

Sasa nenda kwa kima. Jike wa kima huzaa mtoto mmoja, na mwingine huja baada ya miaka miwili au zaidi. Huko Kakamega, ambako Marina Cords amefuatilia makundi ya kima tangu mwaka 1979, ndiko tulikojua jinsi maisha ya wanyama hawa yanavyokwenda polepole: jike hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na hubaki na mama zake na dada zake maisha yake yote.

Mtoto mmoja kwa miaka miwili hapa. Mtoto mmoja kwa miaka miwili pale.

Hapo ndipo makofi yangu yalipoanza kuniuma.

Nilikuwa nimedhani ninashuhudia tajiri akimwibia maskini. Kumbe zilikuwa familia mbili zenye mtoto mmoja mmoja, na asubuhi ile mmoja wao angelala na njaa au mwingine angekufa. Najua njaa ya siku moja si kifo, na kinda anaweza kuvumilia. Lakini mwindaji anayekosa leo hukosa pia kesho, mara nyingi zaidi kuliko tunavyofikiri.

Mwenye wengi na mwenye wawili

Tofauti yao haiko kwenye nguvu wala akili, hayo ninayosikia watu wakibishania. Iko kwenye idadi ya wanaomjua mtoto.

Mtoto wa kima ana mama, shangazi, dada, dume la kundi, na hata makundi ya jamaa zingine, mbega kwa mfano, wanaotembea miti ileile na kulia kwa hofu ileile. Anakosea na wengine wanamsahihisha. Anasinzia na wengine wako macho.

Kinda wa tai ana watu wawili. Basi. Baba akinasa kwenye waya wa umeme, mama akala nyama yenye sumu, hakuna shangazi. Na siku akifukuzwa eneo la wazazi, anaingia msituni peke yake akiwa na makucha ambayo bado hajayazoea, kuwawinda wanyama wenye macho arobaini na kelele zinazomtangaza kabla hajafika. Mwindaji wa kuvizia anayeonekana ameshapoteza. Kila mlio wa dume la kima ni mlango unaofungwa usoni pake.

Msidhani basi kwamba ninamgeuza tai kuwa mnyonge. Kule Kibale, Uganda, watafiti waliookota mifupa chini ya viota vya tai hawa walikuta zaidi ya asilimia 80 ya mawindo ni jamii ya kima na mbega. Tai ndiye anayewaua. Madume huweza kumkabili ana kwa ana, wakamrukia na kumfukuza tawini, na ni mapigano ya kweli yanayoweza kumgharimu yeyote kati yao. Umbo la kila mmoja limechongwa na mwenzake. Sauti niliyoisikia Amani isingekuwepo bila tai. Na zile mbawa fupi, zile zinazogeuka katikati ya vigogo, nazo zimetokana na kuwafukuza wanaojua kujificha.

Mtoto wa Taung

Kuna kitu kingine kilichonifanya nielewe ule mshtuko wa mwilini.

Mwaka 1924, wafanyakazi wa machimbo ya chokaa huko Taung, Afrika Kusini, walitoa fuvu dogo ndani ya mwamba. Raymond Dart akalitambulisha kwa ulimwengu mwaka 1925: mtoto wa viumbe waliotembea kwa miguu miwili kabla yetu, mwenye umri wa miaka mitatu au minne hivi, aliyekufa zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kwa muda mrefu ilidhaniwa aliuawa na chui au mnyama mwingine wa ardhini. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke wakatoa hoja kwamba aliuawa na ndege mkubwa. Wengi walikataa. Kisha, mwaka 2006, baada ya kulinganisha na mafuvu ya kima yaliyookotwa chini ya viota vya tai wenye kishungi katika msitu wa Taï, Ivory Coast, Berger akaonyesha alama ndani ya matundu ya macho ya mtoto yule. Ni alama zilezile. Tai hung'oa macho.

Nimeitazama picha ya fuvu hilo kwa muda mrefu. Uso wa mtoto, meno ya utoto bado yapo.

Kulikuwa na mama mahali fulani karibu. Sina ushahidi wa alivyohisi, wala sihitaji. Lakini sasa naona kwamba makofi yale hayakutoka kwenye ua wa kuku pekee. Yanatoka mbali sana, wakati sisi ndio tuliokuwa tunatazama juu. Tulikuwa upande wa kima kwa sababu tulikuwa kima.

Basi hilo linanipa sababu. Halinipi ruhusa ya kumnyima tai haki yake, kwa sababu leo sisi hatumwogopi tena. Yeye ndiye anayetuogopa.

Anayepotea kwanza

Mwaka 2022 Darcy Ogada na wenzake walichapisha hesabu ya ndege wawindaji wa Kenya, wakilinganisha miaka ya 1970 na miaka ya karibuni. Kati ya aina 22 walizochunguza, 19 zilikuwa zimepungua, nyingi kwa kiwango cha kutisha. Yule tai mkubwa wa mbugani mwenye madoadoa kifuani, anayewawinda tumbili wa Amboseli, sasa amewekwa duniani kote kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Sumu inayotegewa simba na fisi humpata. Nguzo za umeme humpata. Mfugaji aliyepoteza mbuzi humpata.

Na huyu wetu wa msituni humalizwa na shoka. Ukikata nusu ya msitu, kima wanaweza kujibana kwenye nusu iliyobaki, wakala mahindi ya jirani, wakaishi. Tai anahitaji eneo kubwa lenye mawindo ya kutosha, na anahitaji ule mti mmoja, mkubwa, wenye panda. Mti huo mara nyingi ndio mbao nzuri kuliko zote.

Kuna habari moja inayonifariji. Durban, Afrika Kusini, tai hawa wanazalia ndani ya jiji, kwenye mabonde yenye miti katikati ya mitaa ya watu, mara nyingi kwenye mikaratusi, wakiwalisha makinda wao pimbi na makinda ya kwarara. Kwa hiyo wanaweza kutuzoea. Wanahitaji tuwaachie miti tu.

Lakini kuacha miti kuna mtu anayeilipia, na si mimi. Hapohapo Usambara Mashariki kuna ukanda wa Derema, uliohifadhiwa ili kuunganisha vipande vya msitu vilivyokuwa vimetengana. Ndani yake kulikuwa na mashamba ya iliki, ya watu walioilima chini ya kivuli kwa miaka na kusomeshea watoto. Walilipwa fidia, wakaondoka, na mjadala kuhusu kama fidia ile ililingana na iliki haujaisha kwa walioipoteza. Kima akivuka Derema leo kutoka kipande kimoja hadi kingine, anavuka juu ya shamba la mtu. Tai akimfuata, vivyo hivyo.

Naona ukanda ule ni jambo jema, na ningeutetea mbele ya yeyote. Ila sijawahi kung'oa mche wa iliki nilioupanda mwenyewe. Kama wewe unayesoma ulikuwa na shamba Derema, au wazazi wako walikuwa nalo, niandikie. Nataka kujua miti imerudi kiasi gani, kima walianza kupita mwaka gani, mnaishi kwa zao lipi sasa, na kama kuna yeyote kati yenu aliyekwisha kuona kiota.